Anayemdai Marehemu

Kila aliyekulia pwani amelisikia tangazo lile. Maiti imekwisha kuoshwa na kuvishwa sanda, watu wamejipanga safu nyuma ya jeneza, na kabla ya kusaliwa anasimama mtu mzima wa familia, anakohoa kidogo, anasema: "Jamani, kama yuko mtu anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aonane na wenye msiba." Halafu sala inaendelea. Nimelisikia tangazo hilo mara nyingi kiasi kwamba masikio yalikuwa hayalipokei tena, mpaka siku alipozikwa babu mzaa mama, kijijini kwetu wilaya ya Muheza. Nilikuwa kidato cha pili.

Babu alikuwa manamba. Kwa msomaji wa mbali, au kijana mwenzangu ambaye neno hilo analijua kwa matusi tu, manamba walikuwa vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Songea, hata nje ya mipaka, kuja kukata mkonge katika mashamba ya Tanga. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944. Mtu alipewa namba, na namba ndiyo iliyomtangulia kuliko jina. Babu alitoka upande wa Kasulu hana ndevu, akashushwa huku, akapewa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza mafungu uliyopangiwa haikuandikwa. Mwezi wa babu, alikuwa akituambia huku akicheka, haukuwahi hata mara moja kufanana na mwezi wa mbinguni.

Basi siku ile baada ya tangazo alijitokeza mwenye duka wa pale kijijini. Alikuja kwa adabu, usiku, matanga yalipokwisha, na daftari lake kwapani. Sukari, unga, mafuta ya taa, vidonge vya kichwa. Mali kauli ya muda mrefu, jumla shilingi 86,000. Hakuna aliyebisha, maana kila mmoja wetu alikuwa ameinywa chai ya sukari ile. Kilichozuka ni swali la nani alipe. Babu aliacha baiskeli ya Phoenix, kitanda cha kamba, majembe mawili na minazi minne. Mjomba akasema watoto wote wachange sawasawa. Shangazi mmoja akasema yeye hakai kijijini na sukari hiyo hakuionja. Ikabidi aitwe mwalimu wa madrasa.

Mwalimu alisema jambo ambalo limekaa kichwani mwangu miaka yote hii. Alisema deni la marehemu hutolewa katika mali ya marehemu, kabla ya mtu yeyote kugusa urithi. Mali ikiisha na deni likabaki, mrithi halazimiki kutoa mfukoni mwake. Akitoa ni hisani yake na thawabu zake. Na mdai naye, akaongeza akimtazama mwenye duka, ana la kwake katika Suratul Baqara, aya ya 280: mdaiwa akiwa na dhiki angojwe mpaka apate wasaa, na kumwachia kabisa ni bora zaidi kwa aliyejua.

Baiskeli ikauzwa shilingi 50,000. Zikabaki 36,000. Kwa sheria ya mwalimu mambo yalikuwa yamekaribia mwisho, lakini mama alizilipa zile zilizobaki, kidogo kidogo, kwa fedha za maandazi, miezi saba. Nilimwuliza kwa nini alipe wakati ameambiwa halazimiki. Alinijibu bila hata kunitazama: "Mwanangu, sabuni tutanunua wapi?"

Ndugu msomaji, nimeomba nafasi katika kurasa hizi niandike juu ya deni la taifa, na huenda umeanza kushangaa habari za baiskeli zimetoka wapi. Zimetoka hapo. Kila waziri wa fedha anaposimama kusoma bajeti, na kila mtaalamu anapohojiwa redioni, tunasikia methali ileile kwamba dawa ya deni kulipa. Inasemwa kana kwamba ni amri ya Mungu. Mimi nauliza: kulipa nani? Aliyekula, au aliyezaliwa baadaye? Na anayelipa analipa kwa sababu ni haki, au kwa sababu kesho atarudi dukani kutafuta sabuni?

Tuanze na deni la kwanza ninalolifahamu katika pwani hii, ambalo watoto shuleni hawafundishwi kuliita deni. Mwaka 1888 Sultani wa Unguja aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani. Watu wa Pangani walikataa, wakapigana chini ya Abushiri bin Salim, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa palepale Pangani. Mwaka 1890 ukodishaji ukageuzwa kuwa mauzo: Sultani akalipwa marki milioni 4, na pwani pamoja na watu wake ikawa mali ya Ujerumani. Sasa fedha ile ilitoka wapi? Kampuni ilikopa Ulaya. Na mkopo ule ulilipwaje? Kwa ushuru wa forodha uliokusanywa katika bandari za pwani hiihii. Yaani, kwa Kiswahili cha sokoni, sisi tulinunuliwa kwa mkopo na mkopo tukaulipa wenyewe. Sijapata kusikia biashara tamu kuliko hiyo. Wazee wetu hawakukopa, hawakuulizwa, senti haikuwafikia, ila mzigo wa pembe au wa nazi uliopita forodhani ulikatwa chake kulipia shingo zao.

Miaka mitatu baadaye, 1893, Dakta Richard Hindorf akaleta mkonge. Husimuliwa kwamba miche iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe upande wa Pangani. Kutoka miche hiyo 62 ikatoka Tanga nzima ya mashamba na reli na manamba. Tulipopata uhuru Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 mavuno yalipita tani 200,000. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na trekta lilelile likawa linahitaji mkonge mwingi zaidi kila msimu kulinunua; Mwalimu Nyerere alikuwa akiutoa mfano huo kila alipopata nafasi mbele ya wakubwa wa dunia. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na mashamba mengi yakawa ya umma. Sitaki kudanganya hapa kwa sababu ya mapenzi yangu ya siasa: mashamba yale yaliendeshwa vibaya. Babu mwenyewe alisema chini ya Mzungu alikatwa siku, na chini ya shirika siku ziliandikwa zote ila mshahara ndio uliochelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno ya nchi nzima yalikuwa yamebaki kama sehemu ya kumi ya yale ya 1964.

Katikati ya kuporomoka huko ndimo deni lilimokua. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena 1979. Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, tulivigharimia wenyewe, ingawa dunia nzima ilifurahi kuona Idi Amin ameondoka. Sijasikia waliofurahi wakichangishana. Mwalimu akagombana na Shirika la Fedha la Kimataifa, akakataa masharti yake mwaka 1980, na mwaka 1985 akiwa anaelekea kung'atuka akauliza hadharani kama ni lazima tuwashindishe watoto wetu na njaa ili tulipe madeni. Swali lilikuwa zuri. Jibu lililetwa mwaka 1986, Mzee Mwinyi akiwa Ikulu: mkataba ukatiwa saini, shilingi ikashushwa thamani, na miaka iliyofuata ikaja na lugha mpya ya kupunguza wafanyakazi, kubinafsisha, kuchangia gharama. Mama anasema neno "kuchangia" alilijua kwanza harusini, la pili hospitali.

Babu alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Shamba alilofanyia kazi, ambalo sitalitaja jina, liliuzwa. Alipokwenda kudai kiinua mgongo chake, wa zamani walimwambia amwulize mwenye shamba mpya. Mwenye shamba mpya alimpa kiti, akampa na maji ya kunywa, kisha akamwambia: "Mzee, mimi nimenunua shamba, sikununua madeni."

Hebu tuliangalie neno hilo polepole, maana kwangu ndipo ulipo moyo wa jambo hili. Tajiri aliyenunua shamba kwa hiari, akiwa na wakili na miwani, akasoma karatasi zote, ana haki ya kuchukua mali na kuacha deni. Mtoto aliyezaliwa Bombo hospitalini hakusoma karatasi yoyote, hakupewa shamba wala nusu ya jembe, naye anaambiwa kwamba deni la nchi ni lake. Mrithi asiyeachiwa kitu hulipa, na mnunuzi aliyepata kila kitu hulipishwa nusu tu ya thamani na tunamshukuru kwa kuwekeza. Mwalimu wetu wa madrasa, ambaye hakumaliza hata darasa la saba, angewafungia mlango watu hawa.

Na wasiseme kwamba wakubwa hawaijui sheria yake. Wanaijua sana. Tarehe 27 Februari 1953, mjini London, wadai wa Ujerumani Magharibi, wakiwamo Marekani, Ufaransa na Uingereza, waliketi na kukubali kupunguza deni la nchi hiyo kwa karibu nusu, na malipo yaliyobaki yakapimwa na uwezo wake wa kuuza bidhaa nje. Ujerumani ileile iliyotununua kwa marki milioni 4. Wakati wanatia saini, Uingereza ilikuwa inaitawala Tanganyika na babu alikuwa bado mtoto Kasulu. Nchi iliyoanzisha vita vikuu ilionewa huruma kwa miezi michache ya mazungumzo, kwa sababu ilitakiwa isimame imara dhidi ya Urusi. Sisi tulioanzisha mashule tulingoja mpaka Novemba 2001 ndipo tukatimiza masharti ya mpango wa nchi maskini wenye madeni makubwa, na mwaka 2006 ndipo IMF, Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wakafuta sehemu kubwa.

Ng'ambo ya ziwa anakotoka babu iko hadithi chafu zaidi. Mwaka 1978 IMF ilimpeleka Mjerumani mmoja, Erwin Blumenthal, ndani ya benki kuu ya Zaire. Mwaka 1982 akaandika taarifa kwamba Mobutu na watu wake wanakwiba, na wakopeshaji hawana matumaini ya kuziona fedha zao. Wakopeshaji waliisoma, kisha wakaendelea kumkopesha, maana Mobutu alikuwa mtu wao katika vita baridi. Akaondolewa mwaka 1997 na kuacha deni la zaidi ya dola bilioni 10. Mwenye duka anayempa mlevi chupa huku akijua mlevi hana fedha, kwa kuwa anataka mlevi ampigie jirani kelele, ana uso gani wa kwenda na daftari kwa watoto wa mlevi? Lakini alikwenda. Wakongo wakaandamwa na daftari hilo hadi mwaka 2010.

Wenzangu tunaojiita wa mrengo wa kushoto huwa tunapenda kuishia hapa. Tunawapiga mabeberu, tunapigiana makofi, tunakwenda kunywa kahawa. Nilifanya hivyo mimi pia, kijiweni kwetu Ngamiani, mpaka rafiki yangu mmoja, dereva wa bodaboda, akanikata kauli: "Wewe kaka, zile za EPA nazo alikula Mzungu?"

Nilinyamaza. EPA ilikuwa akaunti ya malipo ya madeni ya nje, iliyokuwa Benki Kuu. Asili yake ni miaka ya shida ya fedha za kigeni: mfanyabiashara hapa alilipa shilingi zake benki, ila benki haikuwa na dola za kumpelekea aliyeuza ng'ambo, basi deni likawekwa kwenye akaunti. Katika mwaka wa fedha wa 2005/06 zilichotwa humo shilingi bilioni 133, zikalipwa kwa makampuni 22, kwa nyaraka nyingine za kughushi. Januari 2008, baada ya ukaguzi, Rais Kikwete akamwondoa Gavana wa Benki Kuu. Fikiria: kopo la kulipia madeni lenyewe liliibwa. Hiyo ndiyo tabia ya vigogo wetu, na hakuna Washington iliyowashika mkono.

Lakini hebu niendelee mbele ya aibu yangu ile ya kijiweni. Kama aliyekula ni mtu anayejulikana, mwenye sahihi yake, mbona deni linabaki la wote? Sheria ya mikopo ya serikali ya mwaka 1974 inampa Waziri wa Fedha uwezo wa kukopa kwa niaba yetu, na mikataba haipigiwi kura mmoja mmoja bungeni. Desemba 2021 Spika wa Bunge, Job Ndugai, alilalamikia mikopo akasema iko siku nchi itapigwa mnada. Akaomba radhi, na Januari 2022 akajiuzulu uspika. Sikuwa shabiki wake hata kidogo, na alipokuwa na nguvu wapinzani walimjua. Nauliza tu: ikiwa Spika mzima hawezi kuuliza habari za daftari bila kupoteza kiti, mama yangu muuza maandazi ataulizia wapi?

Rafiki yangu wa bodaboda hakuniacha. Alisema mdogo wangu wa kike anasoma katika darasa lililojengwa kwa mkopo, zile fedha za UVIKO za shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF, mwaka 2021. Ni kweli. Nimelipaka chokaa darasa hilo kwa mikono yangu. Ana madawati na madirisha ya vioo, na miye nilisomea chumba ambacho mvua ikinyesha tunahama. Kwa darasa hilo naona tunadaiwa, na tulilipe. Ni baiskeli ya Phoenix, imeachwa, tunaiona, tunaipanda. Ninachokikataa ni kuletewa jumla. Mwenye duka wetu hakutuletea jumla. Alifungua daftari, akasoma mstari kwa mstari, siku kwa siku, na mjomba alipokuwa na shaka na kilo mbili za mchele za mwezi wa Shaabani alizifuta. Kwa nini taifa zima lisitendewe adabu aliyotendewa maiti wa kijijini? Ekwado walifanya hivyo: mwaka 2007 rais wao aliunda tume ya kupekua mikopo yote mmoja mmoja, na mwishoni mwa 2008 wakatangaza kwamba sehemu ya hati zile ni haramu na hawailipi. Mbingu haikuwaangukia.

Ila najua wengi watajibu nini, kwa sababu ndilo jibu la mama. Tukianza kuchagua madeni, kesho nani atatukopesha? Nalisikia jibu hilo na silidharau, maana lilitulisha. Lakini tuliite kwa jina lake. Mama hakulipa zile 36,000 kwa kuwa ilikuwa haki. Mwalimu alikwisha kumwambia. Alilipa kwa kuwa duka lilikuwa moja na njia ya mjini ni nauli. Serikali nayo inalipa kwa sababu hiyohiyo, na wala isituvalishe kanzu ya uadilifu. Tuseme wazi kwamba tunalipa kwa woga. Woga si dhambi kwa maskini, lakini mtu anayelipa kwa woga hutafuta duka la pili. Anayeamini analipa kwa haki hatafuti.

Deni la leo ni kubwa kuliko lile tulilofutiwa. Reli, mabwawa, barabara, na huku kwetu bandari na matangi ya mafuta pale Chongoleani, ambako Agosti 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi la bomba linalotoka Hoima, kilomita 1,443. Wazee wa Chongoleani ninaoonana nao kwenye ngarawa wanauliza mambo mepesi kabisa: samaki watakuwaje, kijana wetu ataajiriwa nani, fedha ni za nani. Kwenye bomba TotalEnergies wana asilimia 62, sisi Watanzania tuna 15. Hesabu ya hasara, ikitokea, sijui kama nayo itagawanywa kwa asilimia hizohizo.

Nirudi kwenye tangazo, maana lina sehemu mbili na mimi nimekuwa nikisema moja. Anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu. Siku ile ya babu, kwa sehemu ya kwanza mtu alitokea usiku uleule na daftari. Kwa sehemu ya pili hakutokea mtu. Babu alikuwa anadai kiinua mgongo cha miaka zaidi ya 30, na siku zote zile ambazo hazikuandikwa kwenye kipande. Aliyenunua shamba hakuja mazikoni. Hata angekuja, tangazo lingepita juu ya kichwa chake kama upepo. Wadaiwa wa babu walikuwa wengi na wakubwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye safu.

Karatasi zake ziko kwa mama, ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Mna barua mbili za madai zenye muhuri wa kupokelewa, cheti cha kupunguzwa kazi, na kipande kimoja cha zamani, kimekuwa cha njano, kina alama 27 kati ya 30. Mwaka jana tulipohama chumba nilimwuliza kama tuzitupe. Alinipokonya kopo, akalipangusa vumbi kwa upande wa khanga, akaniambia nipande kitini nilirudishe lilipokuwa.